Tupeane uzoefu: waliotembelea Mombasa na kulala kisiwani, si hoteli za ufukweni

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kila nikiuliza habari za Mombasa naambiwa Diani, Nyali, Bamburi. Hizo zote ziko bara, nje ya kisiwa. Nataka kuwasikia waliolala kisiwani kwenyewe: Mji wa Kale, Ganjoni, Mwembe Tayari huko. Mlifikaje, mlikula nini, mliona kipi cha kustahili nauli? Nakusudia kwenda na mama watoto masika yakiisha. Bei za hoteli kubwa sihitaji. Tiririkeni.

Mdau wa Tanga
Mkuu, kwetu sisi Mombasa ni kwa jirani. Unapanda basi asubuhi, mpakani Horohoro/Lunga Lunga mnashuka kugongewa mihuri, mnaendelea. Beba pasipoti au hati ya dharura, na kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Hela badilisha kidogo tu pale mpakani, na uzihesabu mbele ya anayekubadilishia kabla hajageuka.

Raha yenyewe ni pantoni ya Likoni, inayowavusha kuingia kisiwani. Mtu wa miguu halipi. Mnapanda chombo kimoja na malori, mabasi, baiskeli, mikokoteni, mama na ndoo yake ya samaki, wanafunzi wanaokimbizana. Mvuko wenyewe ni dakika chache, kinachochosha ni foleni, hasa jioni watu wakitoka kazini. Sisi tulisimamishwa kuipisha meli ya makontena inayoingia bandari ya Kilindini. Inapita karibu mpaka unainua shingo kuisoma jina. Simu weka mfuko wa mbele.

Dada wa Nairobi
Mimi nilishuka na treni ya SGR kutoka Nairobi. Kata tiketi mapema, Desemba na wikendi ndefu hupati. Chagua treni ya mchana na uombe Mungu upate dirisha, maana pale hifadhi ya Tsavo ndovu wanaonekana wamejaa vumbi jekundu mwili mzima. Lakini wengi hawaambiwi kwamba stesheni iko Miritini, bara. Mpaka ufike mjini kuna safari nyingine, na madereva pale nje wakikuona na begi wanapandisha bei. Wa kwanza alinitajia mara mbili ya aliyenibeba. Tembea hatua chache, panda matatu na wenyeji.

Mwalimu, Dodoma
Nilikwenda kwa ajili ya ngome ya Fort Jesus, na nashauri uipe nusu siku nzima, usiingie kupiga picha ya mzinga ukatoka. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na hawakuiteka hadi Desemba 1698. Hebu fikiria watu wamefungiwa mle karibu miaka mitatu, njaa na maradhi vinawamaliza. Mwaka 1697 meli ya Kireno iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanna, ikazama hapo hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliifanyia uchunguzi miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa viko ndani ya jumba la makumbusho: mitungi, sahani, vipande vya meli.

Ila kilichonishika ni michoro ya ukutani. Askari wa Kireno walichora kwenye lipu: meli zenye matanga, kanisa, mpaka kinyonga. Hawakuwa mafundi, ni watu waliokuwa zamu na mchana mrefu. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimepotea. Waingereza nao wakaigeuza gereza, na wafungwa walikaa humo hadi 1958. Viingilio vinatofautiana kwa uraia, kwa hiyo beba kitambulisho.

Na zile Pembe za Ndovu, sanamu kubwa za barabara ya Moi Avenue? Ni alumini, ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ziara za kifalme za Waingereza. Zipo tu, katikati ya magari. Usizipangie siku.

Mdau wa Moshi
Ngoja niwe tofauti. Joto la kisiwani usiku si mchezo. Tulipata chumba Mji wa Kale, ghorofa ya juu, umeme ukakatika na feni ikalala nayo. Mbu hawakulala. Kama lengo lako ni kuogelea, kaa bara tu. Kisiwani hakuna ufuo wa maana. Kama lengo ni mji, sawa.

Mwenyeji wa Kibokoni
Karibuni Mvita, ndiyo Mombasa yetu. Ndugu wa Moshi asema kweli kuhusu joto. Njooni Julai au Agosti, kusi ikivuma, hata shuka mtajifunika.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Usitafute mkahawa wenye bango. Tembea mitaa ya ndani mapema, ukiona watoto wamesimama kwenye mlango wa nyumba na bakuli zenye vifuniko, hapo ndipo. Jioni nendeni Mama Ngina, chini ya mibuyu: viazi karai, mihogo, kachiri, dafu, pilipili ya ukwaju, na meli zinapita mbele yenu. Usiku kahawa tungu na kashata. Mzee wa barazani akikuuliza umetoka wapi, usimjibu neno moja, kaa, umweleze.

Ramadhani mchana msitarajie chakula. Na akina mama wa buibui msiwapige picha bila idhini, hilo huleta maneno.

Mleta mada
Mwenyeji, shukrani. Mama watoto kashasoma huku begani kwangu, anauliza leso, yaani kanga.

Mwenyeji wa Kibokoni
Shemeji aende Mtaa wa Biashara. Huuzwa jozi, na mafundi wako nje na vyerehani vyao, wanakata na kupinda pindo mkisubiri. Apitie maduka kadhaa kwanza, bei ya mlango wa kwanza si bei. Na asome jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa, asitazame rangi tu. Kuna mgeni alimpelekea mama mkwe leso ya mafumbo ya wake wenza, na maelezo yake hayakusikilizwa.