"Unusually" inakaa wapi kwenye sentensi? Mkato umeleta ugomvi kwenye kikundi

Mzabibu_Mpunguzi:
Mbukwenyi wakuu. Naandika ripoti ya kikundi chetu cha wakulima wa zabibu, mfadhili anaitaka kwa kiingereza. Nimeandika "Unusually heavy rain fell in February" maana mvua ya mwezi wa pili ilizidi tulivyozoea, sasa katibu kanichomekea mkato baada ya unusually, anadai neno kama hilo likianza sentensi lazima lifuatwe na mkato. Naona kabisa maana imehama ila kumwelezea nashindwa. Nani yuko sahihi?

Ticha wa Kongwa:
Uko sahihi mkuu, ufutwe huo mkato. Bila mkato unusually imeshikana na heavy, yani kilichozidi kawaida ni ukubwa wa mvua basi. Ukiweka mkato inaiachia heavy inaenda kubeba sentensi nzima, inakuwa ni kioja kwamba mvua kubwa imenyesha mwezi wa pili. Sasa kioja gani hapo? Dodoma msimu ni mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, anayeijua Dodoma akisoma hiyo atajiuliza nyie mnaishi wapi. Ingekuwa mwezi wa saba hapo sawa, "Unusually, it rained in July", mkato umekaa mahali pake.

Dada Area C:
Naongezea kwa ticha, ukitaka kusema si kawaida kwa nani au kwa lini unaweka for, mkato unasubiri mpaka hayo maneno yaishe: "Unusually for a carpenter, he finished on time." Mafundi mnisamehe 😂

Kijana wa Nkuhungu:
Si aandike tu very heavy yaishe

Ticha wa Kongwa:
Haiishi hivyo kijana, very inasema mvua ilikuwa kubwa sana, nukta. Unusually inalinganisha na miaka mingine, na mfadhili anachotaka kujua ni hicho hicho, kwa nini mwaka huu zabibu zimeoza na mwaka jana hazikuoza.

Mzabibu_Mpunguzi:
Asante ticha. Na mwisho wa sentensi je? Nina nyingine, "The vines are growing unusually."

Ticha wa Kongwa:
Kisarufi inapita ila inaning'inia, msomaji hajui mizabibu inakua haraka, inadumaa au imepinda. Ipe kitu cha kushika, "unusually fast" au "unusually slowly". Na usije ukaandika "unusual heavy rain" kama ninavyoona kwenye ripoti nyingi, unusual inakaa na jina, "unusual rain", ikishakutana na heavy lazima ivae ly, na l ziwe mbili.
Halafu kama mna kipima mvua hapo kikundini weka na milimita za miaka ya nyuma, maana ukishasema unusually mfadhili atauliza kawaida yenu ni ngapi.