Mpwa wangu ana miaka 17, klabu inataka asaini miaka mitano. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Mjomba wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Mpira naupenda tangu mdogo. Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 nilikuwa mabegani kwa marehemu baba. Lakini mambo ya mikataba siyajui, na hili limenikosesha usingizi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni winga wa kushoto. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, nikamlea. Sasa yuko kidato cha nne. Jumapili alikuja katibu wa klabu moja, jina naliacha, ila si ya Tanga. Dada akamwandalia maandazi na mbaazi, tukakaa barazani, akatoa mkataba.

Karatasi nne, zote Kiingereza. Miaka mitano. Mshahara laki tatu na nusu, umejazwa kwa kalamu, na pale pa tarehe ya kulipwa pana nukta nukta tu. Pesa ya usajili milioni mbili: moja akisaini, ya pili "hali ya klabu itakaporuhusu". Ukurasa wa tatu unasema mkataba utakuwa halali akifaulu vipimo vya daktari wa klabu. Nikaomba nakala tukaisome, akasema tutapewa viongozi wakishasaini. Alipotoka nje kupokea simu nikapiga picha kurasa mbili, ndiyo maana naweza kuwaandikia haya.

Dada anataka tusaini. Simlaumu. Chumba wanacholala wadogo zake kinavuja, mvua ikinyesha wanahamishia godoro sebuleni, na ile milioni moja ameshaipigia hesabu ya bati. Katibu anarudi Ijumaa. Nijadiliane naye vipi bila kumpotezea kijana nafasi?

Winga Teleza

Mzee, asaini. Vijana wenye miguu hiyo wako wengi hapo uwanja wa Mkwakwani wanasubiri kuitwa. Mkileta maneno mengi wanachukua mwingine.

Namba Tatu Mstaafu

Shikamoo mjomba. Usimsikilize huyo wa juu. Nimecheza beki ya kushoto misimu sita, nikasaini nikiwa na haraka kama hiyo mnayotiwa ninyi.

Msimu wangu wa nne tulikaa miezi mitatu bila mshahara. Kila Ijumaa tunaambiwa Jumatatu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mwenye nyumba anagonga mlango alfajiri kabla sijaenda mazoezini. Nikabeba begi, nikarudi Muheza. Klabu ikaandika barua kwamba mimi ni mtoro. Nilipoitwa kujieleza nikaulizwa swali moja tu: barua yako ya kudai iko wapi? Sikuwa nayo. Nilikuwa nadai kwa mdomo na kwa meseji, na simu yenye meseji niliibiwa stendi. Nikakaa nje nusu msimu.

Baadaye ndipo nikaelekezwa. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili bila sababu halali, unaweza kuvunja mkataba kwa haki, lakini kwanza uiandikie klabu na uipe siku zisizopungua 15 ilipe. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala yako. Na hapo ndipo zile nukta nukta zinapouma: kama tarehe ya kulipwa haijaandikwa, utahesabuje kwamba wamechelewa? Tarehe ijazwe mbele ya macho yako, mjomba.

Wakili wa Raskazone

Mjomba, miaka mitano haikubaliki kwa mtoto huyo. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa hadi miaka mitano, lakini kwa aliye chini ya miaka 18 mwisho ni mitatu, na inayozidi haitambuliwi. Mwambie katibu hivyo kwa upole, bila ugomvi. Kama anaijua kazi yake atarekebisha.

La daktari pia halifai. Uhalali wa mkataba hautakiwi kutegemea vipimo vya afya. Klabu impime kwanza, kisha ndipo wasaini. Wakiacha kipengele kile, mtoto atakuwa amefungwa na wao hawajafungwa.

"Hali ya klabu itakaporuhusu" ifutwe, iandikwe tarehe. Na angalieni sana mlango wa kutokea. Mnakumbuka Fei Toto, yule kiungo wa Yanga, Desemba 2022: aliiwekea Yanga shilingi milioni 112 akiamini ameshavunja mkataba, Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Alikwenda Azam katikati ya mwaka ule klabu zilipoelewana. Yule ni nyota wa taifa na alikuwa na watu wa kumsemea. Mpwa wako ana wewe.

Mtanga wa Minneapolis

Nimezaliwa Chumbageni, niko Marekani mwaka wa kumi na mbili. Huku katika NFL, ule mpira wao wa kubeba mkononi, chama cha wachezaji kinakaa na wenye timu na kuandika mkataba mmoja mkuu wa ligi nzima: sehemu ya mapato, kima cha chini cha mshahara, matibabu. Mchezaji akienda kujadili wa kwake, hayo ameshayakuta mezani.

Na hawakuyapata kirahisi. Mwaka 1987 waligoma, wenye timu wakajaza uwanja na wachezaji wa kuokoteza na mechi zikaendelea, wagomaji wakarudi mikono mitupu. Mwaka 2011 wenye timu ndio waliofunga milango wachezaji wasifanye kazi, tangu Machi hadi Julai. Mwaka 2020 mkataba mpya ulipita kwa taabu, kura 1,019 dhidi ya 959, kwa sababu wengi hawakutaka mechi ya 17 iongezwe. Winga Teleza anasema wako wengi wanaosubiri. Kweli, na huku nako walikuwepo. Ndiyo maana nasikitika SPUTANZA, chama cha wachezaji wa Tanzania, ipo lakini kijana wa Tanga anasaini akiwa na mjomba wake tu.

Mjomba wa Ngamiani

Wakuu, narudi kuwashukuru. Katibu alikuja jana. Nilikuwa nimeandika mambo manne kwenye daftari la karakana, nikayasoma moja moja. La miaka mitatu alilikubali palepale, nikaelewa alikuwa analijua tangu mwanzo. Mshahara utalipwa tarehe 28, milioni ya pili tarehe 30 Septemba. Vipimo atafanyiwa Jumatatu, kusaini baadaye. Mshahara wamekataa kuongeza hata shilingi, nikaliacha.

Tulipodhani tumemaliza, mpwa wangu akasema, "Mjomba, na mtihani wangu?" Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka. Katibu akaandika pembeni ya ukurasa wa pili kwamba Novemba ataruhusiwa kurudi Tanga kufanya mtihani wa kidato cha nne, akasaini chini yake. Kalamu haikutoa wino vizuri, nikamwomba arudie jina lake.

Nakala iko kwa dada, ndani ya sanduku la kanga. Bati hajanunua, anasubiri Jumatatu ipite.