Boriti za nyumba ya urithi Mji Mkongwe: uzee pekee unazimaliza nguvu?

MjukuuWaMalindi
Assalaam aleikum wakuu. Tumeachiwa nyumba ya ghorofa Malindi, Unguja. Kuta ni za mawe na chokaa, sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko. Chumba cha nyuma, boriti tatu zimebonyea katikati. Fundi tuliyemwita kasema mti ukipita miaka mia umekwisha, tung'oe zote tumwage zege. Familia imeshaanza kuchanga. Kweli mti hufa kwa uzee tu? Naombeni ushauri kabla hatujabomoa.

Fundi Chokaa
Wa aleikum salaam. Msing'oe kwanza. Boriti iliyokaa pakavu inabeba karne na karne. Kinachoimaliza ni maji na mchwa. Unyevu ndani ya mti ukizidi asilimia 20 hivi, kuvu wa kuozesha wanapata nafasi. Ubaya wake, huozea pale usipopaona, kwenye ncha iliyozama ukutani. Katikati utaikuta ngumu kama chuma, kumbe ncha imekuwa unga. Chukua bisibisi, ichome pale inapoingia ukutani. Ikigoma, mti mzima. Gonga na nyundo pia, usikilize kama kuna uwazi ndani. Halafu tazama kama ukuta ulipigwa lipu ya saruji: saruji hufungia unyevu ndani, chokaa huuachia utoke.

Mhandisi wa Pwani
Kuhusu kubonyea: mti ukibebeshwa mzigo miaka nenda miaka rudi hupinda kidogokidogo hata ukiwa mzima. Ndiyo maana kwenye hesabu za mzigo wa kudumu tunaukadiria kama asilimia 60 tu ya nguvu unayoonyesha ukijaribiwa kwa dakika chache. Kwa hiyo miaka ina athari, ila pamoja na mzigo. Ulizeni sakafu ya juu imeongezwa matabaka mangapi. Watu wakiona inavuja humwaga jingine juu, uzito unapanda, boriti ni zile zile. Vuteni uzi ukuta hadi ukuta, mpime pengo kati ya uzi na boriti, mrudie baada ya masika.

ZegeTu
Mimi ningemwaga zege. Mikoko minene iliyonyooka siku hizi kuipata ni shida.

Fundi Chokaa
@ZegeTu shida kweli, lakini kuta za matumbawe hazikujengwa kubeba slabu, na chumvi iliyomo italisha nondo kutu. Beit al-Ajaib, jengo la 1883 hapo hapo Mji Mkongwe, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati. Nyumba hizi huzigusi kabla ya kuziegemeza.

MjukuuWaMalindi
Nimejaribu. Boriti mbili ngumu ncha zote. Ya tatu, upande wa choo, bisibisi imezama mpaka kwenye mpini na ukuta una majimaji.

Fundi Chokaa
Basi anzeni na choo. Hameni chumba hicho leo, na cha chini yake. Simamisheni mirunda, zibeni bomba, ukuta ukauke, ndipo mbadilishe hiyo moja. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe mkichukue mapema.