Baiskeli ndani ya gari la milango miwili (na ile barua)

Mdogo Wenu aliandika:
Shikamooni wakubwa, wengine salama? Jana nimeletewa ile barua ya faini yenye picha ya kamera ya barabarani, mnaijua. Nilifunga baiskeli nyuma ya gari kwa kibebeo cha mikanda, tairi likaziba namba. Ama nilipe, ama nijaze fomu ya pingamizi. Nikiambatisha picha ya kibao cha namba cha ziada nilichonunua BAADA ya barua, watanielewa au najichongea? Zimebaki siku tisa. Halafu kuanzia sasa nataka kuiweka ndani. Gari ni Toyota GT86, ile ya milango miwili, baiskeli ya lami, tairi za kipimo cha 700C.

Babu Spana:
Marahaba mwanangu. Inaingia. Watengenezaji wa gari hilo walijisifu wenyewe kwamba ukilaza kiti cha nyuma linameza matairi manne. Shida yake ni mdomo: buti linafunguka kifuniko peke yake, kioo kinabaki palepale. Peleka mnyororo kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, toa magurudumu yote mawili, shusha kiti cha baiskeli (piga alama kwa utepe usije ukasahau kimo chako), pindua usukani. Fremu itangulie, upande wa mnyororo juu, blanketi chini. Ikigoma kwenye buti, sogeza kiti cha abiria mbele kabisa upitie mlangoni.

Mama Pacha:
Babu, kwa heshima, umeruka jambo. Kama ni breki za diski za mafuta, gurudumu likishatoka mtu asiguse breki! Pistoni zinasogeleana na diski hairudi tena. Chomeka kadibodi iliyokunjwa katikati ya padi. Mimi mwanangu mmoja alibana breki "kujaribu tu", nikakaa kando ya barabara na bisibisi, mvua inanyesha, pacha mwenzake anacheka.

Msafiri:
Mnajitesa. Nunueni gari ambalo mlango wa nyuma unainuka na kioo chake. Toyota Celica yangu ya toleo la mwisho ni kuukuu, lakini natoa gurudumu la mbele tu. Pedali zikikwaruza upholsta zitoe, spana namba 15, zote mbili zungusha kushoto.

Babu Spana:
Kijana kauliza GT86, hakuomba ushauri wa kununua gari. Na tafadhali usiharibu pedali za watu. Ya kulia ndiyo inazungushwa kushoto. Ya kushoto ni kinyume, unafuata saa. Ukiilazimisha unazidi kuikaza.

Msafiri:
Zangu hazijawahi kunisumbua mzee.

Babu Spana:
Basi hujawahi kuzifungua.

Mama Pacha:
Na ifungwe jamani. Fremu iliyolazwa bila mkanda, ukipiga breki ya ghafla, inakuja shingoni kwako.

Mtu wa Zamu ya Usiku:
Nimesoma yote haya nikitoka kazini, nikacheka peke yangu kwenye basi. Nyumbani baiskeli ndiyo ilitubeba sisi, mimi mbele kwenye bomba, dada nyuma kwenye keria, na gunia juu. Leo sisi ndio tunaibeba baiskeli, tena kwenye blanketi kama mtoto mchanga! Marehemu baba angetuuliza, sasa mgonjwa ni nani?

Msafiri:
😂 Na isingempa mtu barua yenye picha. Hizo kamera ni mradi wa kukusanya hela, nimesema siku nyingi.

Mama Pacha:
Usianze siasa. Namba inazibwa, mtu akigongwa gari litatambuliwaje?

Mdogo Wenu:
Asanteni sana. Leo nimejaribu, imeingia! Magurudumu nimeyasimamisha nyuma ya kiti cha dereva. Sasa wakubwa, ile fomu? Zimebaki siku sita.

Mtu wa Zamu ya Usiku:
Kaka, hicho kibebeo cha mikanda si hukitaki tena? Unakiuza?