Spirulina kwa anayetumia warfarini

Mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na sasa anataka unga wa spirulina (vijimea vya kijani-buluu vinavyokuzwa bwawani) unaopimwa kwa kijiko hapa Marikiti, hauna lebo. Kuna hatari?

— Huo aache, ndugu yangu. Bwawa lisilodhibitiwa huota pia vijimea vinavyotoa maikrosistini, sumu ya ini, na kuchemsha hakuiondoi. Dai nambari ya bechi na cheti cha kupimwa maikrosistini, risasi na zebaki.

— Klorela, unga mwingine wa vijimea vya kijani, ndiyo mbaya zaidi kwake: vitamini K yake hupunguza nguvu ya warfarini, damu ikaganda. Daktari kwanza, na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, ipimwe upya.

— Asikimbilie kelpu pia, mwani wa baharini wenye ayodini nyingi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za ayodini kwa siku. Kijiko kimoja chaweza kuzidisha mno, tezi ya thairoidi ikavurugika.