Limenifagia mpaka uvunguni, halafu eti "HONGERA"

Wakuu, salamu leo sina, mtanisamehe. Naandika mikono inatetemeka.

Lile lidude mnalijua. Lile la kuzuia virusi, lenye alama ya kingao, lililojipachika kwenye kona ya skrini bila kukaribishwa, linalopiga king'ora kila ukikaa vizuri. Silitaji, kila mtu lishamtesa.

Nilikuwa najaza fomu ya maombi ya kazi. Kurasa saba, saa mbili nzima nimeinama kama fundi cherehani. Niko ukurasa wa saba, bado kutuma tu. Ghafla skrini nyekundu kama bucha: VITISHO 614 VIMEGUNDULIWA!

Mia sita na kumi na nne! Nikajua nimekwisha, wezi washaingia mpaka chumbani wanapima mapazia. Nikabonyeza SAFISHA. Sekunde tatu tu, ikaja tiki ya kijani na maneno: "Hongera! Sasa uko salama."

Kurudi kwenye fomu: "Tafadhali ingia upya." Naingia, ukurasa wa kwanza, mweupe kama sanda. Barua pepe imenitoa. Benki imenitoa. Nimetolewa kila nilipowahi kukanyaga, na nenosiri la barua pepe sijaliandika miaka, hata sijui linaanza na herufi gani.

Nikafungua orodha ya hivyo vitisho. KUKI! Kuki za ufuatiliaji, vijifaili vya watangazaji. Kirusi hakuna hata cha kusingizia. Na katika kuzoa, limebeba mpaka kuki zangu halali zilizokuwa zinanishikia mlango nisiingie upya kila mara. Ni sawa na kumwita mtu aue mende, akachoma nyumba, kisha akakupa mkono. HONGERA!

Kisiki cha Mpingo: Ukurasa wa saba hujahifadhi hata mara moja? Mkuu, hiyo kazi usingeiweza.

Bi Mkorofi: 😂😂 wanapima mapazia

Fundi Mitambo: Punguza povu, kosa ni lako. Kuki ni maandishi tu, haijiendeshi, haiwezi kuwa kirusi. Vivinjari vingi, yaani programu za kufungulia tovuti, haviruhusu kuki moja izidi baiti 4096 hivi. Zipo tangu 1994, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alizibuni ili tovuti ikukumbuke ukihama ukurasa. Zinazokufuatilia ni hasa za mtu wa tatu: umefungua tovuti moja, kumbe kuna mtangazaji kajibanza humo anakuwekea ya kwake, na kesho unamkuta kajibanza kwingine. Nenda mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, zuia kuki za mtu wa tatu. Za tovuti yenyewe ziache. Na kwenye hilo lidude toa tiki penye kuki, lishughulike na virusi.

Mleta uzi: Sijaomba darasa. Umesoma pale liliponipongeza? LIMENIPONGEZA.

Kisiki cha Mpingo: Hongera.

Msafiri Kafiri: Lidude linajua linachofanya. Likikwambia "nimekuta vitisho sifuri" utalilipia tena mwakani? Lazima lihesabu kitu, na kuki haziishi.

Mzee wa Kijiwe: Vijana mnahangaika bure. Kivinjari cha Safari kinazizuia chenyewe hizo za mtu wa tatu tangu 2020. Firefox tangu 2022 kila tovuti ina chungu chake cha kuki, kama wake wenza kila mmoja na jiko lake, hakuna kuchungulia kwa mwenzake. Ila ninyi wa Chrome poleni. Google walisema Januari 2020 za mtu wa tatu zitaondoka ndani ya miaka miwili, wakasogeza, wakasogeza tena, Julai 2024 wakabadili gia angani.

Bi Mkorofi: Afadhali yenu. Mimi na mabango ya kuomba ruhusa ya kuki, yale ya "Kubali zote"! Kukubali kitufe kikubwa kama mlango wa gereji, kukataa mpaka upite vichochoro vitatu. Nikakaa nikakataa kila tovuti, jasho linanitoka. Jioni nikafuta kuki zote. Asubuhi mabango yote yamerudi! Kumbe hata ule ukataaji wangu ulihifadhiwa kwenye kuki.

Fundi Mitambo: Ndiyo, dada, lazima ikukumbuke ndipo ijue ulikataa.

Bi Mkorofi: Usiniite dada. Kwa hiyo ili wasinijue lazima wanijue?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye fomu yangu. Kurasa SABA.

Chongo Halioni: Mimi nilitazama viatu mara moja tu, vya harusi, tena vya rafiki yangu. Miezi miwili viatu vinanifuata kwenye matangazo. Nasoma habari, viatu. Natafuta dawa ya kikohozi, viatu. Mume wangu akatumia kompyuta yangu, akaniuliza nani anaolewa.

Msafiri Kafiri: Hiyo chai. Miezi miwili?

Chongo Halioni: Chai ya nini, ningekuwekea picha. Nikafungua dirisha la faragha nikidhani nimewakomesha. Ukilifunga kuki zinafutika kweli, ila nikirudi kwenye la kawaida, viatu vilevile vinanisubiri mlangoni.

Mzee wa Kijiwe: Vina kisigino?

Chongo Halioni: Kirefu, vyeupe.

Mleta uzi: Hivi kuna mtu anasoma uzi wangu?

Bi Mkorofi: Weka picha ya viatu basi.