Mrejesho: mifereji ya paa la nyumba yangu, Ujiji

Ndugu zangu, niliuliza kama bomba moja la inchi 2 lingetosha kuteremsha maji ya upande mmoja wa paa langu, wenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 5. Halikutosha. Mlinishauri nianze na hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1, hivyo mvua ya milimita 150 kwa saa, ikinyesha juu ya mita za mraba 60, huleta lita 9,000 kwa saa, yaani lita 2.5 kila sekunde.

Nimeweka mfereji wa inchi 6 na mabomba mawili ya inchi 3, moja kila pembe, ili maji yasisafiri zaidi ya mita 6 kabla ya kushuka. Mteremko, tulioupima kwa uzi na pima maji, ni milimita 5 kwa kila mita. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na kosa kubwa zaidi, kwa kuwa fundi wa awali aliulaza mfereji sawasawa na maji yakawa yanatuama katikati hadi kumwagikia ukutani.

Mvua kubwa tatu zimepita na ukuta umebaki mkavu. Kilichobaki ni wavu wa kuzuia majani ya mwembe kwenye midomo ya mabomba.